Kaye ya chama ni ya nani?

Maneno ya komite kwa mukutano mukuu wa wanachama, pa Goma. Tumeyaandika vile yalivyosemwa, tumepunguza kidogo tu.

  Viti ni vichache, vijana wasimame kidogo ili bamama wakae.

Munajua desturi ya mukutano huu. Kila mwaka komite inasimama, inasoma hesabu ya feza, munapiga makofi, tunakula, kila mutu anarudi kwake. Leo hesabu ya feza itasomwa, lakini itakuja nyuma. Kwanza tunataka kutoa hesabu ya kitu kingine, ambacho hatukuzoea kukitolea hesabu: yale chama kinayoyajua. Majina yetu. Kotizasio zetu. Nani alirudi wapi. Karatasi gani iko kwa nani. Tunaanza na hiyo kwa sababu tuliipoteza mwaka 2025, na kuipoteza kulimuumiza mwenzetu.

Tuanze na huyo mwenzetu. Ni mama. Ametupa ruhusa ya kusema habari yake, si jina lake. Alikimbia Masisi, akaishi katika kambi moja ya pembeni ya Goma. Toka Novemba 2023 mpaka Januari 2025, kila siku ya Mungu ya kwanza ya mwezi, alituletea franka 2.000. Hiyo ni miezi 15. Mwezi wa pili wa mwaka 2025 kambi zilipovunjwa, yeye na watu wake walirudi kijijini kama wengi wenu. Mwezi wa tano bwana yake akagonjwa, akakufa.

Sheria yetu munaijua: mwenye kulipa miezi 12 anapata musaada wa matanga. Huyu mama akaacha maiti nyumbani, akatelemuka mpaka Goma, akaja kwetu. Tukatafuta jina lake. Hakukuwa na pa kulitafuta, maana kaye haikuwa kwetu tena. Sasa sikilizeni jibu ambalo sisi wa komite tulimupa. Tulimuambia: "Mama, lete preve kama ulilipa."

Akatuangalia, akasema: "Preve iko kwenu."

Akarudi na mikono mitupu. Akauzisha mbuzi na mabati mane ya nyumba aliyokuwa akianza kujenga upya, akazika bwana yake. Ni nyuma ya miezi ine ndipo bamama watatu waliokuwa wakilipa pamoja naye walikuja kushuhudia, mumoja wao na kaye ya masomo ya mutoto wake ambamo aliandika kila kotizasio yao. Tukalipa. Lakini feza ya matanga inayofika miezi ine nyuma si feza ya matanga tena. Ni deni tu. Mama yetu, uko hapa leo, tunakuomba musamaha mbele ya wote. Ulikuwa na haki. Preve ilikuwa kwetu kweli, na sisi hatukuitunza.

Basi kaye ilipotea namna gani? Ilikuwa moja tu. Sekretere wetu aliitunza kwake, chini ya matela. Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia muji, alikamata watoto, akaondoka. Nani kati yetu angekamata kaye na kuacha mutoto? Nyumba yake ikaingiliwa, vitu vikachukuliwa. Hatumulaumu. Kosa ni la chama, kilichomupa mutu mumoja muzigo wa watu zaidi ya mia mbili.

Kurasa mbili za ile kaye zilirudi. Mwanachama mumoja alinunua karanga barabarani, akafungua karatasi, akaona majina yetu. Tulipoisikia habari hiyo tulicheka. Tulisema: kwa franka 500 tumepata karanga na kotizasio ya Machi 2024. Halafu tukazisoma zile kurasa vizuri, na kicheko kikaisha. Kila mustari ulikuwa na jina la mutu, namba yake ya telefone, kijiji alichotoka, kabila lake, na katika sehemu ya mwisho, kwa mukono wetu wenyewe, tulikuwa tumeandika nani alimufukuza. Majina 34. Yametembea mujini yakifunga karanga, na hatujui ni macho gani yaliyasoma.

Kwa hiyo tulikosa mara mbili. Yale yaliyopaswa kutunzwa, kotizasio ya mama, hatukuyatunza. Yale yasiyopaswa kuandikwa, tuliyaandika. Hiyo ndiyo habari yetu ya leo. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kweli. Sisi tumejifunza kwamba daftari nayo inaweza kupoteza mutu.

Labda mutu atauliza: kaye ya chama kidogo, ni kitu cha kutufanyia mukutano muzima? Tunajibu hivi. Inchi yetu ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984. Wengi waliokaa hapa hawakuwa wamezaliwa. Karte ambayo karibu kila mutu muzima anaonyesha kama kitambulisho ni karte ya kuchagua. Na uchaguzi wa Desemba 2023 haukufanyika Masisi wala Rutshuru sababu ya vita. Kwa hiyo kuko kati yetu vijana wa miaka 20 na zaidi wasio na karte yoyote. Kuko watoto waliozaliwa kambini, na sheria ya ulinzi wa mutoto ya mwaka 2009 inatoa siku 90 za kuandikisha mutoto, lakini ni nani alihesabu siku chini ya hema? Kwa watu kama hao, kaye yetu inaweza kuwa karatasi pekee pa dunia ambamo jina lao liko sawasawa. Haipaswi kuwa chini ya matela.

Hatuko peke yetu kwa ugonjwa huu. Angalieni mulima wetu. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilitapika moto, ukapita katikati ya muji mpaka ziwani. Nyuma ya pale, watu wa kituo cha kuangalia volkano hapa Goma walipata vyombo vya kusikiliza mulima usiku na muchana. Lakini vyombo vinahitaji intaneti, mafuta ya gari, na mutu wa kukaa mbele yake. Mwaka 2020 feza ya Banki ya Dunia iliyolipa sehemu ya kazi hiyo ikaisha. Kwa miezi mingi intaneti ilikatika, na vyombo vya mulimani havikuweza kutuma yale viliyosikia. Ilirudi Aprili 2021. Ile Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, mangaribi, tukaona mbingu nyekundu.

Tuseme ukweli wote: wataalamu walichunguza nyuma na kuandika kwamba mulima haukutoa alama za wazi mbele ya kupasuka, hata kwa vyombo vizuri. Kwa hiyo hatusemi intaneti ingetuokoa. Tunasema hivi: kujua kunalipiwa. Watu wanafurahi kununua chombo. Kulipa kila mwezi ili chombo kiendelee kusikia, pale feza inakosekana. Na kwetu ni vilevile. Kila musaidizi anapenda kuona foto ya mifuko ya maharagi. Hakuna aliyewahi kutupatia feza ya kaye.

Mukumbuke pia siku zile za Mei 2021. Tarehe 27 tuliamka na amri ya kuondoka kwa kartie 10 za muji. Mamia ya maelfu ya watu walichukua njia ya Sake, wengine ziwa, wengine mupaka. UNICEF ilisema kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na wazazi wao. Ni kitu gani kiliwarudisha? Ni watu wa kujitolea wenye kalamu, walioandika jina la mutoto, jina la mama, na kartie yake. Mistari mitatu tu. Mutoto aliyejua mistari ile alipata mama yake upesi kuliko yule asiyeijua. Tangu siku hizo bamama wengi wa chama hiki wamewafundisha watoto wao mistari hiyo kama wimbo. Hiyo nayo ni kazi ya kutunza habari, na hakuna kompyuta ndani yake.

Sasa tuseme juu ya upande wa pili, ule wa kuandika kupita kipimo. Tunakaa mupakani, hatuhitaji kusafiri mbali kwa kupata mufano. Rwanda, toka wakati wa Wabelgiji, miaka ya 1930, karte ya kila mutu iliandikwa kabila lake. Wale walioanzisha mustari huo pengine waliuona kama hesabu tu. Mwaka 1994 mustari huo huo ulisomwa kwenye barrière, na watu waliuawa kwa sababu yake. Nyuma ya vita karte mpya hazikuwa na mustari ule tena. Mustari mumoja kwenye karatasi unaweza kukaa kimya miaka sitini, kisha siku moja ukaamuka.

Na tusifikiri hiyo ni hatari ya zamani tu. Mwaka 2021 shirika la Human Rights Watch liliandika kwamba habari za Warohingya waliokimbilia Bangladesh, zilizokusanywa wakati wa kuandikishwa kama wakimbizi, zilifika mukononi mwa serikali ya Myanmar, ile waliyoikimbia, na wengi hawakuwa wameelezwa hivyo wala kuulizwa. Wale watu walitoa vidole na majina ili wapate chakula. Hawakujua karatasi inatembea.

Kuko na shimo lingine. Wale kati yenu waliorudi kutoka Uganda wanakumbuka mwaka 2018. Kulisemwa kwamba hesabu ya wakimbizi imejazwa majina ya uongo. Wakaanza kuhakikisha watu upya, kambi kwa kambi, kwa vidole na kwa macho. Mukapanga mustari kutoka asubuhi na watoto mugongoni. Hesabu iliyokuwa karibu milioni 1,4 ikabaki kama milioni 1,1. Majina ya uongo yalikula kwa nani? Yalikula kwa wenye njaa wa kweli, kisha yakawaletea mashaka: toka siku hiyo kila mukimbizi alionekana kama mwizi mpaka aonyeshe kidole. Tunakumbusha hiyo kwa sababu hata hapa kwetu kuko wanaokuja mangaribi na kusema: "Ongeza jina la shemeji yangu, wazungu hawatajua." Ndugu, kila jina la uongo tunaloandika linamuondolea nguvu mama wa Masisi. Siku atakaposema nililipa, nani atatusadiki?

Basi kuko mashimo matatu: kupoteza, kuandika hatari, kuandika uongo. Tutapita wapi?

Kwanza tutofautishe vitu. Kuko hesabu: franka 2.000, tarehe 3 Machi. Kuko habari: huyu mama amelipa miezi 15, ana haki ya matanga. Na kuko akili ya kazi: namna ya kumusindikiza mutu aliyekuta shamba lake linalimwa na mwingine. Hesabu na habari zinakaa katika kaye. Akili ya kazi inakaa ndani ya mutu, na mutu akienda, inaenda naye.

Tulikuwa na muzee mumoja, wengi munamukumbuka, alitutoka mwaka huo huo wa 2025. Alipoitwa kwa neno la shamba, hakwenda kwa chifu kwanza. Alikwenda kwa majirani wa pande ine, mumoja mumoja, bila kalamu, anakunywa maji kwao, anauliza mti wa mupaka ulipandwa na nani. Akimaliza wa ine, ndipo anaenda kwa chifu, na wakati huo neno limeisha kupoa. Nyuma ya kifo chake tulituma vijana wawili kwa neno kama hilo. Ni vijana wazuri, wamesoma. Walikwenda moja kwa moja kwa chifu na karatasi yenye muhuri. Yule aliyelima shamba akaona ameshitakiwa, akaleta ndugu zake, na mpaka leo neno hilo halijaisha. Vijana hawakukosa. Hatukuwafundisha. Muzee alikuwa na sisi miaka mingi na hakuna hata mumoja tuliyemutuma atembee nyuma yake.

Hata feza zetu zilishikwa na kutojua. Banki za Goma zilipofungwa mwisho wa Januari 2025, feza kidogo tuliyokuwa nayo banki ikabaki kule, na hilo halikuwa kosa letu. Lakini ile ya kwenye telefone ilikuwa wazi, tungeweza kuitumia kwa kununua unga wiki ile ile. Namba ya siri ilijulikana na mutu mumoja, naye alikuwa amevuka mupaka bila telefone. Wiki tatu tulikuwa na feza na hatukuwa nayo.

Sasa dawa. Hatukuitafuta mbali. Bamama wengi wako katika AVEC, munajua sanduku lake. Namna hiyo ya kuweka akiba pamoja ilianzia Niger mwaka 1991, pamoja na shirika la CARE, kati ya bamama ambao wengi hawakujua kusoma. Sanduku lina kufuli tatu, funguo tatu ziko kwa watu watatu, wala hakuna mumoja wao anayetunza sanduku lenyewe. Kila mutu ana kitabu chake kidogo chenye kupigwa muhuri. Na mbele ya kufunga, feza inahesabiwa kwa sauti, kila mutu anashika hesabu kichwani. Mukutano unaofuata, mbele ya kufungua, munaulizwa: tuliacha ngapi? Wote munajibu. Kama sanduku lingeibiwa njiani, hesabu isingeibiwa, iko ndani ya vichwa 25. Bamama hawa wako na akili kuliko sisi wenye kalamu.

Kwa hiyo komite inaleta mambo sita. Mutayajadili, mutayapigia kura mbele ya chakula.

Moja. Kila mwanachama atakuwa na karte yake, yenye namba yake na miezi aliyolipa. Inapigwa muhuri mbele yake. Hata tukipoteza vyote, preve itakuwa kwake. Na akipoteza karte, preve itakuwa kwetu.

Mbili. Kutakuwa kaye za namna mbili. Moja ina namba na majina tu. Nyingine ina namba na kotizasio tu. Hazilali nyumba moja. Mwenye kuiba moja hajui kitu. Na ya kotizasio itaandikwa mara tatu: moja Goma, moja upande wa Masisi, moja upande wa Rutshuru. Kila mwisho wa mwezi vijana wawili watazilinganisha.

Tatu. Kaye ya kotizasio itasomwa kwa sauti kila mukutano, kwa namba. Kila mutu asikilize namba yake. Mwenye kusikia kosa aseme pale pale. Kosa linakatwa kwa mustari mumoja, linaandikwa sawa pembeni, watu wawili wanatia mukono. Blanko ni marufuku, na kupasua ukurasa ni marufuku.

Ine. Hatutaandika tena kabila, wala nani alimufukuza mutu, wala nyumba anamolala. Mbele ya kuandika kitu chochote kuhusu mutu, sekretere atajiuliza: hiki kitasaidia kazi gani? Kama hakuna kazi, hakiandikwi. Na mwanachama ana haki ya kuja kuona ukurasa wake na kusema: hapa musahihishe, hapa mufute.

Tano. Kila kazi itakuwa na watu wawili: anayeifanya na anayejifunza. Sekretere na mwanafunzi wake, mutunza feza na mwanafunzi wake. Namba ya siri ya telefone iko kwa mutunza feza, na nakala yake katika bahasha iliyofungwa, kwa mutu asiyeshika telefone ile. Na wazee wetu wenye kujua mambo ya mashamba, tunawaomba: kila mukienda, mukamate kijana mumoja. Asiandike. Atembee tu, aangalie, anyamaze. Kurudi, atueleze alichokiona.

Sita. Hakuna jina la kuongeza mangaribi. Jina linaingia mukutanoni, mbele ya wote, ao haliingii.

Hatutawaficha kwamba ndani ya komite hatukupatana juu ya jambo la ine. Wengine walisema: "Tukiacha kuandika kabila, tutaonyesha namna gani kwamba tunasaidia wote bila ubaguzi? Kesho watatusema tunawasaidia wa upande mumoja." Ni neno zito, hatukulidharau. Tulijibizana jioni mbili. Mwishoni tuliona hivi: mwenye kutaka kujua kama hatubagui, aje siku ya kugawa, aketi pale, aangalie nani anapokea na asikie luga zote zinazosemwa katika mustari. Macho ya watu ni ushuhuda usioweza kufunga karanga. Lakini ninyi muko na haki ya kukataa, ndiyo maana tunapiga kura.

Kwenu wasaidizi wetu tuna neno, na tunalisema kwa heshima. Munapotuma musaada, munatuomba listi: majina yote, namba za telefone, pahali mutu alipo, foto yake akipokea. Tunajua sababu. Na ninyi mutaulizwa kule kwenu, na feza si majani. Lakini tuwaombe mambo matatu. Mupokee namba pahali pa majina. Mwenye kutaka kuhakikisha, aje Goma, tutamuonyesha kaye zote mbili mezani, na atazungumuza na wenyewe. Musituombe kutuma majina kwa WhatsApp, maana telefone inaweza kufunguliwa na mukono wowote. Na katika kila mupango, mutie kifungu kidogo cha kaye, cha muhuri, cha tiketi ya moto kwa vijana wanaolinganisha. Ni dolari chache. Zinafanya ile mifuko ya maharagi imufikie mutu wa kweli.

Halafu mutuletee nanyi habari. Kila mwaka munakuja kuuliza watu wetu maswali, munaandika, munaenda. Majibu yanakwenda nanyi. Kijiji kilichoulizwa hakijui kilisema nini. Tunaomba kila mutakapomaliza kuuliza, muturudishie ukurasa mumoja, kwa Kiswahili, tuusome hapa. Maana yale watu waliyosema ni yao kwanza.

Tunamaliza. Tulipoanza chama hiki, tulifikiri ni sanduku la feza. Sanduku lilikauka mara nyingi na chama hakikufa. Mwaka 2025 ndipo tulikaribia kufa, na feza haikuwa sababu. Tulikuwa tumesahau nani ni nani, na mwenzetu alipokuja akilia, tulimuuliza yeye ni nani. Hilo lisirudi.

Mbele ya kwenda kula tunawaomba kitu kimoja. Kaye mpya iko mezani, karibu ya mulango. Tuliiandika upya kwa kusikia watu, kwa karte za zamani, na kwa kaye ya masomo ya yule mutoto. Hakuna anayesema haina makosa. Mupite mumoja mumoja, muone jina lenu, muone miezi yenu. Asiyejua kusoma, binti wa sekretere atamusomea polepole, kwa sikio, si kwa sauti. Kama kuko kosa, museme leo. Mama wetu wa Masisi atakuwa wa kwanza. Ameomba yeye mwenyewe kuketi pale mezani mpaka mwisho, akiangalia kila mutu anapewa karte yake.